Hanni ni mfanyakazi, na sisi mashabiki tulisimamie hilo

Novemba 20, 2024, ofisi ya Wizara ya Ajira na Kazi ya Korea Kusini inayohudumia upande wa magharibi wa jiji la Seoul ilifunga jalada la malalamiko yaliyomhusu Hanni, mwimbaji wa kundi la NewJeans. Ofisi haikusema kwamba Hanni hakunyanyaswa. Ilisema kwamba yeye si mfanyakazi, na kwa hiyo sheria inayokataza unyanyasaji kazini, iliyoanza kutumika Julai 2019, haimgusi. Sababu zikatajwa: hana saa maalumu za kuingia na kutoka kazini wala mahali maalumu pa kazi, hafungwi na kanuni za utumishi zinazowafunga waajiriwa wa kawaida, anachopata ni mgawo wa mapato na si mshahara, na kodi anayolipa ni ya biashara. Binti wa miaka 20 aliyekulia Australia, akahamia Seoul kufundishwa kuimba na kucheza, akahesabiwa kuwa mfanyabiashara aliyetia saini mkataba na mfanyabiashara mwenzake.

Tangu siku hiyo zimepita habari nyingi za kufurahisha katika muziki wa Korea. BTS wote wamemaliza utumishi wa jeshi. Wimbo wa Rosé na Bruno Mars umepigwa kila kona ya dunia, na filamu ya katuni ya KPop Demon Hunters imekuwa filamu iliyotazamwa kuliko zote katika historia ya Netflix. Mashabiki tumeshangilia, na ni haki yetu kushangilia. Lakini uamuzi ule wa ofisi ya kazi ndio unaonikera hadi leo, kwa sababu kila ugomvi tunaobishania usiku na mchana, nani kavunja mkataba, nani kafukuzwa, nani kapigwa picha na mpenzi wake, ukiufuata hadi mwisho unakufikisha hapohapo. Nyota wa K-Pop hana jina la kisheria linalolingana na maisha anayoishi. Anasimamiwa kuliko mwajiriwa yeyote, halafu siku akiumizwa anaambiwa yeye ni mtu huru.

Tuanze na lililomkuta. Septemba 11, 2024, wasichana watano wa NewJeans, Minji, Hanni, Danielle, Haerin na Hyein, walijitokeza mubashara kwenye YouTube bila idhini ya kampuni yao. Hapo Hanni akaeleza kwamba alikuwa amekaa kwenye ukumbi mwembamba wa jengo la HYBE, kampuni mama ya kampuni yao, nje ya chumba cha kutengenezea nywele na vipodozi, akasalimiana na wasanii wa kundi jingine waliopita hapo. Waliporudi, meneja wao akawaambia, naye akisikia, wampite kama hawamwoni. Kampuni ya kundi lile ilikanusha. Hanni alisema alipolifikisha jambo hilo kwa uongozi aliambiwa hakuna ushahidi.

Wapo waliocheka. Wakasema dunia ina vita na njaa, huyu analalamika hakusalimiwa. Sikubaliani nao hata kidogo. Aliyewahi kufanya kazi mahali ambapo mkubwa mmoja ameamua usionekane anajua uzito wake: unaingia chumbani mazungumzo yanakatika, unauliza swali linapita juu ya kichwa chako, na kila ukieleza unaonekana wewe ndiye mwenye kudeka. Sheria ya Korea ya mwaka 2019 iliandikwa kwa sababu Wakorea wenyewe walichoshwa na mambo ya aina hiyo maofisini. Hanni hakuomba upendeleo wa nyota. Aliomba kinga aliyonayo karani wa jengo lilelile.

Oktoba 15, 2024, akaenda Bungeni, mbele ya kamati inayoshughulikia mazingira na kazi, akatoa ushahidi mwenyewe. Alilia. Mkurugenzi mpya wa kampuni yake, Kim Ju-young, naye aliitwa siku hiyo. Na siku hiyohiyo, mkubwa mmoja wa kampuni ya kutengeneza meli ya Hanwha Ocean, aliyeitwa na kamati hiyo kuhusu vifo vya wafanyakazi kwenye karakana yake, alipigwa picha akiinama na simu yake ajipige selfi na Hanni. Picha ilisambaa, kampuni ikaomba radhi. Wengi waliichukulia kama aibu ya mtu mmoja asiyejua pa kufanyia ushabiki. Mimi naiona kuwa nzito zaidi. Watu wawili wameitwa na kamati ya kazi ya Bunge, mmoja ajibu kuhusu waliokufa wakifanya kazi, mwingine aeleze anavyotendewa akiwa kazini, na yule wa kwanza anapomtazama wa pili haoni mtu mwenye shauri la kazi. Anaona picha ya kuweka kwenye simu. Mwezi mmoja baadaye ofisi ya wizara ikamwona karibu hivyohivyo.

Najua msomaji anayefuatilia atasema nimeruka kiini cha mgogoro, kwamba yote haya ni vita ya Min Hee-jin na HYBE. Sijaruka. Nalipitia upesi kwa makusudi. Aprili 2024, HYBE, iliyokuwa na asilimia 80 ya hisa za ADOR, kampuni inayowasimamia NewJeans, ilimtuhumu Min, mkurugenzi wa ADOR na mtu aliyelibuni kundi la NewJeans, kwamba anapanga kuitwaa kampuni. Min akaitisha mkutano na waandishi wa habari uliodumu zaidi ya saa mbili, akalia, akatukana, na watu wakakimbilia kununua kofia na shati la mistari alilovaa. Mei mahakama ikazuia HYBE isimwondoe. Agosti akaondolewa ukurugenzi hata hivyo. Nampa Min heshima yake kama mbunifu. Bila sikio lake na jicho lake tusingekuwa na nyimbo kama Ditto wala Hype Boy. Lakini yeye alikuwa na asilimia 18 ya hisa. Ugomvi ule ulikuwa wa wenye hisa, kwa lugha ya wenye hisa, na wasichana watano waliotumika kama hoja na pande zote mbili hawakuwa na hata hisa moja. Shabiki anayeniuliza niko upande wa nani kati ya Min na mwanzilishi wa HYBE, Bang Si-hyuk, ananipa karatasi ya kura isiyo na jina la mgombea wangu.

Novemba 28, 2024, siku nane tu baada ya uamuzi wa ofisi ya kazi, wasichana hao waliita waandishi wa habari wakatangaza kwamba wanavunja mkataba. Hawakusubiri mahakama. Walisema kampuni ndiyo iliyovunja wajibu wake kwanza, kwa hiyo wao wako huru kuanzia saa sita usiku. Nilifurahi kwa ujasiri wao, na nilijua sheria haitawabeba. Desemba ADOR ikafungua kesi. Februari 2025 wakajiita NJZ. Machi 21 mahakama ya Seoul ikatoa zuio la muda: wasifanye shughuli yoyote ya kisanii nje ya kampuni. Siku mbili baadaye walikuwa na onyesho Hong Kong lililokuwa limepangwa tayari. Wakapanda jukwaani, wakaimba, wakatoa hata wimbo mpya, kisha wakatangaza wanasimamisha shughuli zao. Mei mahakama ikaongeza ukali: kila mmoja angelipa won bilioni 1 kwa kila shughuli atakayofanya bila kibali. Oktoba 30 hukumu ya kesi yenyewe ikatoka: mkataba uko hai hadi mwaka 2029, na kuondolewa kwa Min peke yake si sababu ya kuuvunja. Novemba 12 wakatangaza kurudi, kwanza Haerin na Hyein, halafu jioni ileile wengine watatu. Desemba 29 ADOR ikasema Hanni anarudi, mazungumzo na Minji yanaendelea, na mkataba wa Danielle umesitishwa, tena atashtakiwa.

Mahakama ilisoma mkataba ulioandikwa, na kwa maandishi yale sioni ingefikaje kwingine. Hapo natofautiana na mashabiki wenzangu wanaodai majaji wamenunuliwa. Ni tuhuma nzito isiyo na ushahidi, na inatufanya tusikilizwe kidogo pale tunapokuwa na hoja. Kinachonikera ni kuziweka hati mbili pamoja. Ofisi ya kazi inasema Hanni ni mfanyabiashara huru, hivyo asilindwe. Mahakama inasema mfanyabiashara huyu huru hawezi kuimba wimbo mmoja mahali popote duniani bila ruhusa ya mshirika wake hadi Julai 2029, na akiimba atalipa won bilioni 1. Mwajiriwa wa kawaida anayemchoka bosi wake anaandika barua ya kuacha kazi. Mfanyabiashara wa kawaida anayemchoka mbia wake anavunja ubia, anagawana naye mali, kila mtu anashika njia yake. Nyota wa K-Pop hana mlango wa kwanza wala wa pili. Amepewa mizigo ya wote wawili.

Hali ilikuwa mbaya zaidi zamani, na walioibadilisha walilipia. Kundi la TVXQ lilipokuwa kileleni, mikataba yao na kampuni ya SM ilikuwa ya miaka 13. Mwaka 2009 watatu kati ya watano, Jaejoong, Yoochun na Junsu, walikwenda mahakamani, na mahakama ikakubali kuwalinda wafanye kazi wenyewe. Mwaka huohuo Tume ya Biashara Haki ya Korea ikatoa mkataba wa mfano wenye ukomo wa miaka 7, unaotumika hadi leo. Lakini watatu hao, waliojiita JYJ, waliadimika kwenye televisheni kwa miaka, hadi mwaka 2013 tume hiyo ikaiamuru SM iache kuwawekea vikwazo. Kila kundi linaloingia sasa na mkataba wa miaka 7 linatembea juu ya daraja lililojengwa na vijana ambao wengi wa mashabiki wapya hawawajui hata kwa sura.

Na miaka 7 bado ni mingi. Hyein amezaliwa Aprili 2008. Kundi lilipoanza Julai 2022 alikuwa na miaka 14. Mkataba utakapokwisha atakuwa na miaka 21. Tumtazame vizuri mfanyabiashara huyu wa miaka 14. Kampuni inachagua wimbo, nywele, nguo, urefu wa sketi, tangazo la bidhaa, saa ya kuamka, mahali pa kulala na nani alale chumba cha jirani. Katika kampuni nyingi za Korea hata simu ya mkononi na uzito wa mwili vina usimamizi wake. Gharama za mafunzo, video na malazi huandikwa, na mara nyingi hukatwa kabla msanii hajaona mgawo wake wa kwanza. Kundi la Fifty Fifty, waliofika nafasi ya 17 kwenye chati ya Billboard Hot 100 mwaka 2023 kwa wimbo Cupid, waliishtaki kampuni yao ya Attrakt katikati ya umaarufu huo, na lalamiko mojawapo lilikuwa hesabu: hawakuona jinsi mapato yanavyoandikwa. Mahakama iliwakatalia. Mmoja wao, Keena, akarudi, wenzake watatu wakaachishwa.

Lipo jambo moja katika sheria za Korea ambalo ningependa wabunge wao walisome tena. Sheria ya mwaka 2014 ya sanaa na utamaduni maarufu inaweka ukomo wa saa za kufanya kazi kwa wasanii watoto: saa 35 kwa wiki kwa walio chini ya miaka 15, saa 40 kwa wanaowazidi ambao bado hawajawa watu wazima. Maana yake dola inajua kabisa kwamba wanachofanya vijana hawa kina saa, na saa zake zinahesabika. Basi iweje siku anapotimiza utu uzima saa zilezile, kwenye studio ileile, chini ya mwalimu wa dansi yuleyule, zigeuke kuwa biashara isiyo na saa maalumu?

Anayetaka kuona kazi aitafute video ya Hanni Tokyo Dome, Juni 2024. Amevaa fulana ya mistari na sketi, peke yake kwenye uwanja uliojaa, akiimba wimbo wa Matsuda Seiko wa mwaka 1980, wimbo ambao Wajapani wa rika la wazazi wake waliukulia. Kijapani si lugha yake ya kwanza wala ya pili. Anaingia kwenye ubeti bila kukimbizana na bendi, anageuka kwa kamera pale hasa kamera inapomsubiri, anapunguza sauti mwishoni mwa mstari kama waimbaji wa enzi zile walivyokuwa wakifanya, na uwanja mzima unalipuka kwa mayowe. Dakika zile zinaonekana rahisi. Nyuma yake kuna walimu wa sauti, marudio ya usiku, mtu wa kumsahihisha matamshi, na msichana aliyerudia hadi koo likauma. Siijui tafsiri ya kazi inayoliacha jambo lile nje.

Kampuni nazo zina maneno yao, na si yote ya kupuuzwa. Kulea kundi ni kamari. Makundi mengi yanaanzishwa kila mwaka, machache yanarudisha pesa, na mwenye kampuni ndogo anaweza kutumia kila alicho nacho halafu mtu wa pembeni akaja kuwarubuni wasanii wake mara tu wimbo unapopanda. Bosi wa Attrakt alilalamikia jambo hilohilo, na Wakorea wengi walimwonea huruma, pengine kwa haki. Bila ulinzi wa uwekezaji, ni kampuni kubwa tu zitakazobaki. Nakubali. Lakini ulinzi wa fedha ya mwekezaji unaweza kuandikwa bila kumnyima msanii ulinzi wa mwili na utu wake. Daktari aliyesomeshwa na serikali anaweza kubanwa na mkataba wa kutumikia miaka kadhaa, na bado akinyanyaswa wodini ana pa kushtaki. Hapa nyumbani mwimbaji Harmonize alipotoka lebo ya WCB mwaka 2019 alieleza hadharani kwamba alitakiwa kulipa shilingi milioni 500. Watu walibishana kama bei hiyo ni ya haki, lakini bei ilikuwepo na mlango ulifunguka. Korea nako ipo hesabu ya fidia, inayopigwa kwa wastani wa mapato ya kila mwezi katika miaka miwili ya nyuma kuzidishwa na miezi iliyobaki, maana yake kadiri msichana anavyoiingizia kampuni fedha nyingi, ndivyo uhuru wake unavyopanda bei. Aliyefanya kazi vizuri zaidi ndiye asiyeweza kuondoka.

Uhuru wa kweli unakuja baada ya miaka 7. Blackpink walipomaliza, walibaki na kampuni yao ya YG kama kundi, lakini kazi za mmojammoja wakazitoa nje, Jennie na Lisa kwa kufungua kampuni zao wenyewe. Ona walivyochanua. Watu wanasema ni kwa sababu wamekomaa. Nadhani ni kwa sababu waliulizwa wanataka nini.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba kampuni ndizo peke yake zinazowamiliki vijana hawa. Kuna mmiliki wa pili, na ni sisi.

Februari 2024 gazeti la mtandaoni la Dispatch lilitoa picha za Karina wa kundi la aespa na mwigizaji Lee Jae-wook, wote wakiwa watu wazima, wote bila ndoa. Baada ya siku chache lori lenye skrini kubwa lilikuwa limeegeshwa mbele ya ofisi za SM, kampuni yake, likimlaumu Karina kwa kuwasaliti mashabiki. Machi 5 Karina akaandika barua kwa mkono, akaomba radhi. Mwezi uliofuata ikatangazwa kwamba wameachana. Barua ile ilinichoma. Mwandiko umenyooka, kila mstari una adabu, na anayeomba msamaha hajamkosea mtu yeyote.

La Seunghan lilikuwa zaidi ya hapo. Huyu alikuwa mmoja wa kundi la RIIZE, la SM pia, akasimamishwa Novemba 2023 baada ya kuvuja picha za kabla hajawa msanii, akiwa na msichana. Oktoba 11, 2024, SM ikatangaza kwamba anarudi. Ndani ya siku mbili mashada ya maua karibu elfu moja yalipangwa nje ya jengo la kampuni. Yalikuwa mashada ya msiba, yale ya maua meupe ambayo Wakorea hupeleka kwenye nyumba ya matanga, yakiwa na maandishi ya kumtaka aondoke. Kijana hai aliletewa maua ya maiti, na walioyalipia walijiita wapenzi wa kundi lake. Oktoba 13 akajitoa. Mwaka 2025 SM ikamrudisha kivyake, nje ya RIIZE, kwa jina la XngHan&Xoul. Mashada yale yalipangwa wiki ileile ambayo mashabiki wengi walikuwa wakijiandaa kumkumbuka mwimbaji Sulli, aliyefariki Oktoba 14, 2019, akiwa na miaka 25, baada ya miaka ya kutukanwa mtandaoni kwa sababu ya mapenzi yake, mavazi yake na kusema anachofikiri. Goo Hara, mwimbaji mwenzake na rafiki yake, alimfuata mwezi mmoja baadaye. Kama vifo vile havikutufundisha kuacha kumfuatilia mtu hadi chumbani kwake, tunasubiri kitu gani?

Wengine watasema hayo ni ya Seoul, sisi wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi tuna uhusiano gani na malori ya huko. Tunao. Kazi nyingi za K-Pop huachiwa saa 12 jioni ya Seoul, ambayo ni saa 6 mchana kwetu, na ukiingia kwenye makundi yetu wakati huo utakuta watu wananunua bando ili wasikilize wimbo mfululizo, wanagawana zamu za kupiga kura, wanachangishana albamu iagizwe. Nguvu hiyo inahesabiwa na kampuni kwa usahihi mkubwa. Na maneno tunayoandika yanahesabiwa pia. Kwenye mazungumzo yetu ya Kiswahili nimesoma Karina akiitwa majina ambayo hakuna gazeti la kuyachapa, yakiandikwa na mabinti wa umri wake wenye wapenzi wao. Hoja ni ileile siku zote: tumempa fedha zetu, basi tunamdai. Hiyo ni hoja ya kampuni. Ni hoja ya aliyewekeza, tena asiye na hata mkataba wa miaka 7 wa kumwekea ukomo.

Kampuni zinaijua hoja hiyo na zinaiuza. Albamu moja hutolewa kwa majalada kadhaa, ndani kuna kadi ya picha isiyojulikana hadi ufungue, na kila nakala inaweza kuwa tiketi ya bahati nasibu ya kukutana na msanii kwa dakika chache. Shabiki ananunua nakala nyingi za muziki uleule, CD zinaishia kwenye maboksi barabarani, kadi ndizo zinazobebwa nyumbani. Anayefundishwa kwa miaka kwamba kila nakala inamsogeza karibu na Seunghan hashangazi anapoamini kwamba ana haki naye. Simtetei aliyeagiza shada la msiba. Nasema aliyemfundisha yupo, ana ofisi Seoul, na anapata faida pande zote mbili.

Upande wa pili upo pia, na ndio unaonifanya nibaki kwenye ushabiki huu. Malalamiko yaliyofika wizarani kuhusu Hanni hayakupelekwa na mwanasheria wa kundi wala na mzazi. Yalipelekwa na mashabiki. Baada ya matangazo yale ya Septemba, watu waliosikia kisa cha ukumbini waliingia kwenye mfumo wa serikali wa kupokea kero za wananchi, wakaandika kwamba hapa kuna mfanyakazi ananyanyaswa, chunguzeni. Walishindwa, lakini walilitaja jambo kwa jina lake kabla ya wizara kulikataa, na Bunge likalazimika kulisikiliza.

Na njia ipo. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Korea ilikubali kwamba waigizaji wa vituo vya televisheni, ambao nao wanalipwa kwa kazi na hawana mshahara wa mwezi, ni wafanyakazi kwa mujibu wa sheria ya vyama vya wafanyakazi, na wana haki ya kukaa mezani na waajiri wao kujadili masharti. Sheria hiyo ni pana kuliko ile iliyomtoa Hanni nje. Hakuna sababu ya msingi mwigizaji wa tamthilia atambuliwe na mwimbaji anayefanya mazoezi kwenye jengo la kampuni usiku kucha asitambuliwe. Kinachokosekana ni wasanii wenyewe kuweza kujiunga bila kuogopa kufutwa kwenye kundi, na watu wa kuwakingia kifua watakapofanya hivyo.

Watu hao ni mashabiki. Tumeshaonyesha tunaweza kukodi malori, kuchangia mamilioni kwa usiku mmoja, kuifanya kampuni ibadili uamuzi ndani ya siku mbili. Danielle anashtakiwa na kampuni iliyomlea. Hanni, Haerin na Hyein wanarudi kwenye jengo lenye ukumbi uleule. Lori linalofuata liegeshwe mbele ya Bunge, Yeouido, na kwenye skrini yake liandikwe dai moja tu: wasanii hawa waingizwe kwenye sheria ya kazi, pamoja na karani, mpishi wa mgahawa na fundi wa meli.